Aligonga Nini

Gari lilishika mara moja. Sajenti Nzembi akalizima, akasubiri kidogo, akazungusha ufunguo tena. Likashika. Akalizima, akaliwasha, likashika.

“Umeridhika?” Inspekta Githinji aliuliza. Alikuwa amesimama kwenye ua wa kituo na kikombe cha chai, mgongo kwenye ukuta apate jua la asubuhi. “Tangu Jumamosi, kila asubuhi konstebo analiwasha. Kila asubuhi linashika kama limetoka dukani jana. Na yule jamaa anasema lilikataa.”

Gari halikutoka dukani jana. Lilikuwa gari dogo kuukuu la rangi ya maziwa, mlango mmoja wa nyuma ukifungwa kwa kamba ya katani. Kibera walilibandika jina la Shosho, yaani bibi kizee, kwa sababu ya umri wake na kile kikohozi chake.

Nzembi alijua kesi hiyo kwa kuisikia tu, kwani mwishoni mwa juma hakuwa zamu. Jumamosi alasiri Mama Mabruka wa Makina alikuwa amekodi Shosho limpeleke Kawangware kwa sonara kuchukua dhahabu ya ukoo. Ni mkufu, bangili na vipuli ambavyo kila msichana wa nyumba ile huvaa siku ya kuolewa, kisha vinarudi sandukuni kumngoja mwingine. Zamu hii ilikuwa ya bintiye, Jawahir. Mama alisindikizwa na Umar, mtoto wa kaka yake, aliyekaa mbele kando ya dereva. Wakirudi wakasimama Kabiro. Wakatokea wanaume wawili. Gari likakataa kuwaka. Dhahabu ikaenda, na Mama Mabruka akavunjwa mkono kwa kitu kizito.

Dereva, Walubengo wa Kisumu Ndogo, alikuwa seli. Kesho angefikishwa kortini kwa wizi wa mabavu, na kwa kosa hilo hakimu hana adhabu mbili za kuchagua. Ni kitanzi.

“Chuma hiki kilikuwa chini ya kiti chake,” Githinji alisema, akionyesha kwa kidole kipande cha nondo kilichofungwa karatasi ya kaki. “Mama mwenyewe alimwona akishuka nacho wale watu walipofika. Umar amesema vilevile. Na yeye mwenyewe amekiri.”

“Amekiri nini?”

“Konstebo alimuuliza alifanya nini na chuma. Akasema, niligonga. Akaulizwa mara ngapi. Mara tatu hivi, akasema. Unataka nini zaidi, akuimbie?”

“Aligonga nini?”

“Nzembi.”

“Nauliza tu, afande. Aligonga nini?”

“Mkono wa mama wa watu umevunjika. Jaza mwenyewe.” Akamwaga masalio ya chai chini. “Kama unataka kuzunguka na hilo gari, zunguka. Hadi jioni. Ukiniletea hadithi, nitaicheka.”

Walubengo aliletwa chumba cha mahojiano miguu mitupu. Alikuwa mtu wa makamo, mrefu, mwenye viganja vilivyoingia grisi hadi mistarini. Aliketi kabla ya kuambiwa, kisha akasimama, kisha akaketi tena.

“Niambie vile ilienda,” Nzembi alisema.

“Nimesema mara mingi, madam.”

“Mimi sijasikia.”

Walubengo akavuta pumzi. “Tulisimama Kabiro. Gari ikazimwa. Wale vijana wakakuja, mmoja ako na panga, mwingine rungu. Nikajaribu kuwasha, ikafanya tik. Tik peke yake. Nikachukua chuma, nikashuka, nikafungua boneti, nikagonga. Nikagonga tena. Kushika, wapi. Kuinua kichwa, wameenda na mama analia.”

“Uligonga nini?”

Alimtazama Nzembi kama mtu aliyeulizwa anakunywa uji kwa kutumia nini. “Si ni stata, ile mota ya kuwasha.”

“Mbona hukumwambia konstebo ni stata?”

“Kwani kuna kitu ingine watu hugonga kwa gari?”

Nzembi alikuwa amesikiliza watu wengi chumbani humo, waongo na wakweli. Aliyempiga mtu, hata akipunguza mambo, humtaja. Husema nilimgonga, na yule mtu hubaki pale katikati ya neno, hamezeki. Walubengo alisema niligonga, vile mkulima husema nililima. Wote waliomsikiliza walikuwa na mkono uliovunjika vichwani mwao, wakauchomeka pale penye pengo.

Lakini pengo si ushahidi. Na gari lilikuwa linashika.

“Inakataa lini?” akauliza.

“Ikitaka.”

“Gari haina kutaka. Asubuhi hukataa?”

“Asubuhi hapana. Asubuhi Shosho ni msichana.”

“Jioni?”

“Ikishinda kazini, ndiyo. Lakini si kila siku.”

“Ukisimama sana, ama ukisimama kidogo?”

Hapo Walubengo alifikiri. Hakuna aliyewahi kumuuliza hivyo, wala yeye hakuwahi kujiuliza. “Sana, hapana. Nikienda kanisa nikikaa mpaka sadaka, nikitoka inashika. Ni vile nimesimama tu kushusha mtu na mzigo. Hapo ndio hunitesa.”

Nzembi akainuka. Alipofika mlangoni, Walubengo akasema, “Madam, ukimwona Mercyline, mwambie asilete watoto kortini.”

“Mercyline ni nani?”

“Bibi yangu. Atataka kuwaleta waniombee. Asiwalete.”

Njia ya kwenda Gatina, huko Kawangware, alijiendeshea mwenyewe, konstebo mmoja akiwa kiti cha nyuma na nondo ile magotini kama mtoto wa kubatizwa. Aliyetafutwa alikuwa Nalianya, fundi wa Shosho. Katika maswali yote ya kituoni jambo moja lilikuwa limetajwa kisha likaachwa bila kuguswa: Ijumaa, siku moja kabla ya wizi, gari hili lilikuwa mikononi mwa Nalianya. Fundi akiacha waya mmoja umelegea, gari litasimama anapotaka lisimame. Nzembi aliliweka wazo hilo mbele na kuendesha.

Nalianya alifanyia kazi kwenye uwanja wa tambarare nyuma ya nyumba za kupangisha. Alimwona Nzembi, akaona sare ya konstebo, akafuta mikono kwa kitambaa kilichozidi mikono yenyewe kwa uchafu.

“Madam, umeleta Shosho ama umeleta pingu?”

“Itategemea. Ijumaa ulifanya nini?”

“Niliweka betri. Si mpya, lakini nzima. Nikasugua vichwa vya betri, nikakaza nyaya. Ikashika.”

“Kwa hivyo ugonjwa ulikuwa betri.”

“Ilishika. Mgonjwa akiamka, daktari huuliza nini tena?”

“Na Jumamosi ikakataa.”

Nalianya akakuna shingo. “Basi ni swichi ya ufunguo. Nilimwambia Walubengo hiyo swichi imechoka.”

“Ulimwambia kabla ya Jumamosi ama baada?”

“Wewe huuliza maswali kama mama mkwe.”

Nzembi alifungua boneti. Vichwa vya betri vilikuwa safi, nyaya zimekazwa sawasawa. Akazitikisa moja baada ya nyingine kwa nguvu, akitafuta iliyolegezwa. Hakuna. Kama Nalianya alikuwa na njama, aliificha kwa kufanya kazi nzuri, na hiyo ni njia ghali ya kuficha njama.

“Ulipoijaribu Ijumaa, ilikuwa imetoka barabarani ama ilikuwa imelala hapa?”

“Ilikuwa imelala. Niliijaribu asubuhi.”

“Hata sisi tumekuwa tukiijaribu asubuhi,” Nzembi alisema. “Wote tunampima huyu mgonjwa akiwa ametoka kulala. Ingia.”

Walizunguka Kawangware yote, wakapanda, wakashuka, wakakaa nyuma ya lori la mchanga lililokwenda kama msafara wa mazishi. Nzembi hakutazama watu. Alitazama mshale wa joto. Ulipopita katikati na kukaa huko, alirudi kwa Nalianya, akalisimamisha gari pua ikielekea ukuta wa mabati, akazima.

“Sasa?” Nalianya aliuliza.

“Sasa tunywe soda.”

Wakanywa. Nalianya alianza hadithi ya gari jingine la mhubiri fulani, Nzembi hakuisikiliza. Chupa zilipokwisha aliingia, akawasha taa za mbele ili mwanga uonekane kwenye mabati, akazungusha ufunguo.

Tik.

Akazungusha tena. Tik.

Konstebo alicheka kwa mshangao, kisha akajikumbuka.

“Usiangalie mimi, angalia taa,” Nzembi alimwambia Nalianya. Akazungusha. Tik. “Zimefanya nini?”

“Zimesimama vile vile.”

“Betri ikiwa imechoka?”

“Zingefifia.” Utani ulikuwa umemtoka. “Hata waya ukiwa mbaya, zingefifia.”

“Na hiyo tik ni ya nani?”

“Ni ya pale kwa stata. Inamaanisha…” Akasita, kwa sababu alikuwa anazika maneno yake mwenyewe. “Inamaanisha swichi imefikisha salamu. Swichi ni nzima.”

“Kwa hivyo umeme unafika, na stata inakataa.”

“Inapewa chakula na haili.”

Nalianya hakungoja kuambiwa. Alichukua spana kubwa, akainama juu ya injini, akagonga mara mbili chini huko karibu na bomba la moshi. “Washa.” Gari likashika.

Walizima wakangoja tena, na safari hii Nzembi mwenyewe alilala chini juu ya gunia akaangaza tochi. Stata ilikuwa imebanwa kando ya bomba la moshi, mahali pa kuchoma mahindi. Tumboni mwake palikuwa na vishimo vingi vidogo, vingine vya zamani vimeota kutu, vingine vinang’aa. Akaomba nondo, akaifungua karatasi, akaielekeza ncha yake kwenye kishimo. Ikaingia kama kidole kwenye pete. Akajaribu kwa spana ya Nalianya. Hiyo iliacha alama pana, ya umbo jingine kabisa.

“Ndani kuna vipande vya kaboni vinavyosukumwa na springi,” Nalianya alisema juu yake. “Vikiisha vinakuwa vifupi, na vikipata moto vinakwama. Ukigonga, vinarudi mahali pake. Vikipoa vinarudi vyenyewe. Naweza kufungua nikuonyeshe.”

“Usiifungue. Acha iugue hivyo hivyo, korti ije iione.”

Alisimama, akajikung’uta vumbi, na badala ya kufurahi alikunja uso. Aliweza kumsikia Githinji tayari. Vizuri, Nzembi, gari linakataa likiwa moto. Na mwenyewe hajui? Anajua tangu zamani, ndiyo maana ana chuma chini ya kiti. Mtu anayejua gari lake litakataa wapi, si huyo ndiye wa kupanga likatae?

Githinji angekuwa amesema kweli. Alichothibitisha hadi hapo ni kwamba chuma kiligonga stata. Stata ingeweza kugongwa na mwizi vilevile.

“Nalianya. Walubengo akiwa na hii shida, huifanyia nini? Akimbeba mtu na anataka kusimama kidogo.”

“Hazimi. Anaacha ikinguruma, mafuta yaishe, afadhali. Na akizima lazima aweke kwa mteremko, aiache ishuke yenyewe ishike na gia. Hata kwangu hapa haingizi. Anaachanga pale juu barabarani, halafu ananiita nikuje. Uliza mtu yeyote. Walubengo kuzima gari kwa tambarare ni kama mtu mwenye suruali moja kuifua asubuhi.”

Kabiro hapakuwa mbali. Nzembi alisimamisha gari pale pale walipoibiwa, kati ya kinu cha kusaga unga na kanisa la mabati, akaacha injini ikinguruma. Alishuka akatazama.

Palikuwa tambarare kama meza. Kisha akatembea hadi kwenye kona. Baada ya kona barabara ilianguka kuelekea mtoni, mteremko mzuri, wazi, ambao dereva mwenye stata mgonjwa angeuona kama kitanda kilichotandikwa. Walubengo angeufikia kabla hata hajabadilisha gia. Aliuacha, akasimama huku juu ambako gari lingeweza kumfunga.

Alirudi akaketi garini, mikono kwenye usukani. Konstebo aliuliza kama waende.

Tulisimama Kabiro, Walubengo alikuwa amesema. Gari ikazimwa.

Hakusema nikazima. Hakusema hata ikazima, vile gari hujifia lenyewe. Ikazimwa. Nzembi alikuwa ameyasikia kwa masikio yake asubuhi ile, akayapita, kwa sababu alikuwa anamtafuta aliyegongwa. Katika maneno yale yale machache mwenye mkono uliozima gari alikuwa amekosekana, na hakuna aliyemuuliza. Walubengo si mtu wa kumtaja kijana wa mteja wake mbele ya polisi bila kuulizwa.

Ndani ya gari walikuwa watatu. Mama Mabruka alikuwa nyuma.

“Twende Makina,” akasema.

Nyumba ya Mama Mabruka ilikuwa na ua uliofagiwa na sufuria kubwa za harusi zimepangwa kifudifudi ukutani. Mwenyewe alikuwa ameketi kwenye mkeka, mkono wa kushoto ndani ya plasta. Umar, kijana wa umri wa kuoa, alikuwa anammiminia chai. Aliiweka birika chini aliposikia mngurumo wa nje.

“Madam, sasa,” alisema. “Mbona hamjazima? Si mafuta inaisha bure.”

“Acha iishe.” Nzembi aliketi mwisho wa mkeka. Konstebo alibaki mlangoni. “Mama, pole kwa mkono. Sitakuchosha. Nina swali moja la Jumamosi. Mliposimama Kabiro, nani alizima gari?”

“Dereva,” Umar alisema.

“Nimemuuliza mama.”

Mama Mabruka alimtazama Umar, kisha akatazama chai yake. Alikuwa mwanamke wa kusema jambo baada ya kulitafuna. “Hapana, Umar. Dereva alikuwa anataka kwenda mbele kidogo, wewe ukamwambia asimame pale pale, unanunua sigara. Kisha ukanyoosha mkono ukazima. Ulisema moshi unanisumbua.”

“Ulikuwa umelalamikia moshi, mama?” Nzembi aliuliza.

“Mimi?” Alielekeza kidevu kwenye zile sufuria. “Mwanangu, mimi hupikia watu pilau za harusi kwa kuni. Ningesumbuliwa na moshi wa gari? Nilinyamaza kwa sababu nilifikiri ni adabu. Nikasema moyoni, huyu sasa amekuwa mtu mzima.”

“Shangazi, kuzima gari ni makosa?” Umar alicheka kidogo. “Mimi ningejua aje itakataa? Hiyo gari siijui. Sijawahi hata kuigusa.”

Nzembi alikuwa na swali lingine tayari ulimini, lakini aliona uso wa Mama Mabruka umebadilika, akalimeza.

“Umar,” Mama Mabruka alisema, “kanzu yako ya Idd ilikuwa na masizi kwenye pindo.”

“Kanzu gani?”

“Nyeupe. Nilikuuliza, ukasema Shosho alikataa nje ya msikiti watu wakiwa wamejaa ndani ya gari, mkamsukuma. Nilifua mimi, haikutoka, nikaloweka tena.”

“Aah, shangazi, hiyo siku tulisukuma tukiwa wengi. Si mimi peke…”

Akasikia alichosema. Nje gari liliendelea kunguruma na kukohoa.

“Walikuwa wachukue mfuko tu,” Umar alisema hatimaye, akiitazama birika. “Hakuna mtu alikuwa aguswe.”

“Lakini niliguswa,” Mama Mabruka alisema. Kisha akamgeukia Nzembi. “Yule dereva atafanywa nini?”

“Kesho anapelekwa kortini. Wizi wa mabavu.”

“Wakimpata na hatia?”

“Watamnyonga.”

“Na kilichomshika ni neno langu?”

“Lako na la Umar.”

Aliinamisha kichwa. Ndani ya nyumba wanawake waliokuwa wakipanga mambo ya Jawahir walikuwa wanasikiliza, na pazia la mlango lilikuwa limesogea kidogo. Kuna mambo ambayo ukoo huyamaliza wenyewe, kwa lugha yao, mlango ukiwa umefungwa, na Nzembi aliona kabisa jinsi mama huyu alivyoupima mlango ule. Hakumharakisha.

“Nileteeni gurbaba yangu, naenda kituoni,” Mama Mabruka aliita.

Mkono ukatokea kwenye pazia, ukamletea vazi lake la kutokea. Akajifunga kwa shida kwa mkono mmoja, akakataa kusaidiwa. Umar naye alikuwa amesimama. Njia ya kutoka Makina hadi barabarani ilikuwa ya kuteleza, na kila alipotoka, mama huyu alishika bega la kijana wake. Kwa mazoea tu, Umar alilishusha bega akamngoja.

Mama Mabruka alilipita. Akaweka mkono wake mzima juu ya bega la Sajenti Nzembi.

“Tembea polepole, mwanangu,” alisema. “Kuna matope.”

Konstebo akamshika Umar kiwiko, wakafuata nyuma.